Maswali ya Wasomaji: Darubini ya Upinde wa Kuwindia

SWALI: Assalamu alaykum, ndugu Mhariri. Kaka yangu anaishi Ohio, Marekani, na kila ifikapo mwisho wa Septemba huingia msituni na wenzake kuwinda kulungu wa mkia mweupe kwa krosibo, yaani ule upinde wenye kitako na triga kama vya bunduki. Upinde huo aliununua ukiwa na darubini yake ya kulengea, lakini msimu uliopita mishale ilianza kwenda kando, na muuzaji amemshauri aiache darubini hiyo anunue nyingine inayokuza mara 12. Mimi ni mpiga picha hapa Wete, kwa hiyo kaka anaona mambo ya lenzi nayajua kuliko yeye, ilhali darubini ya shabaha sijawahi hata kuishika. Je, kukuza zaidi ndiko kunakoifanya darubini iwe ya kuaminika? Na aangalie nini kabla ya kutoa fedha zake? (Mpiga picha, Wete, Pemba)

JIBU: Wa alaykumu ssalaam. Mwambie kaka asinunue ya mara 12, na wala asinunue yoyote mpaka ahakikishe kwamba hii aliyonayo ndiyo yenye kosa. Darubini nyingi hubebeshwa makosa ya skrubu. Krosibo hutikisika vibaya kila inapofyatuliwa, na skrubu zinazoikaza darubini juu ya reli yake hulegea kidogo kidogo bila ya jicho kuona. Achore mstari mwembamba wa rangi unaoanzia kwenye pete inayoshika darubini na kuishia kwenye bomba la darubini yenyewe. Akishapiga mishale yake ya mazoezi na kuukuta mstari umekatika, upande mmoja umesogea na mwingine umebaki, basi ameshampata mwizi wake.

Kwa kuwa umesema mishale inakwenda kando, si juu wala chini, kuna jambo jingine ambalo ningelitazama hata kabla ya skrubu, nalo ni namna anavyouvuta upote, yaani kamba ya upinde. Upote ukivutwa kwa mikono mitupu huwa rahisi upande mmoja kuzidi mwingine kwa kiasi kidogo tu, na ziada hiyo ndogo huupeleka mshale kushoto au kulia kwa kiasi kinachoonekana wazi shabahani. Dawa yake ni ile kamba maalumu ya kuvutia yenye vishikio viwili na ndoano mbili, ambayo hugawa nguvu sawasawa kwa pande zote. Baada ya hapo aipime mishale yake kwenye mizani ndogo kama ile ya sonara, kwa sababu mishale yenye uzito mbalimbali haitatua pamoja hata darubini iwe ya thamani gani.

Akishamaliza hayo na mishale bado inatangatanga, ndipo tuzungumze juu ya kununua. Kitu cha kwanza cha kuulizia dukani ni kama darubini hiyo imetengenezwa kwa ajili ya krosibo, na hili si neno la kibiashara tu. Bunduki ikilia hurudi nyuma, na darubini za bunduki hujengwa zikitarajia pigo la upande huo. Krosibo hufanya kinyume: mabawa, yaani mikono miwili ya upinde, na upote huruka mbele kwa kasi kubwa, kisha husimama ghafla, na mtikisiko huo huivuta darubini mbele halafu kuirudisha. Lenzi iliyobanwa kwa ajili ya pigo la upande mmoja tu huweza kulegea kwa pigo la upande wa pili, na ndiyo maana mtu hufunga darubini nzuri ya bunduki juu ya krosibo, akafurahi nayo kwa muda, kisha akaanza kulalamika kuwa shabaha inahama kila siku.

Sasa tuje kwenye hiyo mara 12. Kulungu anayewindwa kwa upinde hupigwa akiwa karibu, kwa kawaida ndani ya mita 40, na mwindaji mwangalifu humwacha anayesimama mbali zaidi ya hapo. Kwa umbali huo hakuna haja ya kumkuza mnyama mara 12. Utakachokiona ni manyoya matupu bila ya kujua kama unatazama bega au paja, na mnyama akipiga hatua mbili atakuwa ameshatoka ndani ya kioo. Darubini ya mara 4 humwonyesha mtu eneo lenye upana wa karibu mita 2 kwa umbali wa mita 20, na huo ni mwili mzima wa kulungu pamoja na kichaka alichosimama kando yake. Ukikuza mara 12 upana huo hushuka hadi theluthi moja yake.

Hapa taaluma yako itakusaidia kumweleza kaka vizuri kuliko nitakavyoweza mimi. Gawanya kipenyo cha lenzi ya mbele kwa kiwango cha kukuza, utapata upana wa mwanga unaotoka nyuma kuingia jichoni. Lenzi ya milimita 32 inayokuza mara 4 hutoa duara la mwanga la milimita 8. Lenzi hiyohiyo ikikuza mara 12 hutoa milimita 2.7 tu. Mboni ya jicho la mtu mzima gizani hufunguka kwa milimita 5 hadi 7 hivi, kwa hiyo ile ya kwanza inalijaza jicho na kubaki, na ya pili inalinyima. Mchana tofauti hiyo haisumbui, ila kulungu hutembea zaidi alfajiri na magharibi, na huko Ohio saa halali za kuwinda huanza nusu saa kabla ya jua kuchomoza na huisha nusu saa baada ya jua kutua. Nusu saa hizo mbili ndizo zinazotenganisha darubini na darubini, na ndizo ambazo muuzaji hawezi kukuonyesha chini ya taa za dukani mwake. Kaka aombe ruhusa aitoe nje magharibi, atazame nayo shina la mti lililo kivulini.

Kwa rai yangu, inayomfaa ni ile inayokuza kuanzia mara 1.5 hadi 5, au mara 2 hadi 7, yenye lenzi ya mbele ya milimita 32. Kampuni kama Hawke ya Uingereza na Vortex ya Marekani hutengeneza darubini za krosibo za viwango hivyo, na zipo nyingine pia. Sishikilii jina. Ninaloshikilia ni kwamba mistari ya kulengea iwe imechorwa kwenye kioo chenyewe, ili betri ya taa yake ikifa kwa baridi mistari ibaki ikionekana nyeusi, na kwamba sehemu ya nyuma ya darubini ikae kiasi cha sentimita 8 hadi 10 kutoka kwenye jicho bila ya mtu kuupinda shingo.

Mistari hiyo ndiyo moyo wa jambo hili, na wanunuzi wengi huipita. Risasi ya bunduki ya kuwindia hutoka kwa mamia ya mita kwa sekunde, mara nyingi zaidi ya 800, wakati mshale wa krosibo hutoka kwa mita 90 hadi 120 hivi, na zile zenye kasi zaidi huvuka hapo. Kwa hiyo mshale huanguka sana njiani. Chukua upinde wa mita 90 kwa sekunde uliosawazishwa kwa shabaha ya mita 20: ukiupiga mita 40 kwa mstari uleule, mshale utatua karibu sentimita 40 chini ya ulipolenga, yaani utapita chini ya tumbo la kulungu au, vibaya zaidi, utamvunja mguu. Upinde wa mita 120 kwa sekunde utatua sentimita 20 na kitu. Ndiyo sababu darubini ya krosibo huwa na mistari kadhaa iliyopangwa kwenda chini, wa kwanza kwa yadi 20, wa pili 30, wa tatu 40, wa nne 50, ambazo kwa mita ni kama 18, 27, 37 na 46.

Lakini mistari iliyopangwa kwa upinde wa kasi moja haiwezi kuusemea upinde wa kasi nyingine, na hapo ndipo ile pete ya kukuzia, inayozungushwa ili kuongeza au kupunguza ukuzaji, inapopata kazi ya pili. Kwenye darubini nzuri za krosibo pete hiyo imeandikwa namba za kasi, kwa futi kwa sekunde, tuseme 300, 350, 400. Ukiizungusha, picha hukua au kupungua ilhali mistari hubaki na ukubwa uleule machoni, kwa hiyo nafasi iliyopo baina ya mstari na mstari hufunika eneo kubwa zaidi la shabaha pale picha inapopungua. Upinde wa polepole unataka nafasi kubwa. Wa kasi unataka ndogo. Mtego uliopo ni kwamba kasi iliyoandikwa kwenye boksi la upinde mara nyingi imepimwa kwa mshale mwepesi, na kaka akifunga kigumba (ncha ya mshale) kizito cha kuwindia kasi hiyo itashuka. Asiiamini namba ya boksi. Asawazishe kwanza mstari wa juu kwa yadi 20 kwa kutumia vifundo vya darubini, vile vinavyosogeza mistari kwa kliki, kisha asimame yadi 40 na alenge kwa mstari wa 40. Mshale ukitua chini ya alipolenga, aipunguze namba ya pete kidogo. Ukitua juu, aiongeze. Vifundo asiviguse tena katika hatua hii, kwani akivigusa atakuwa ameuharibu ule mstari wa 20 aliokwisha kuuweka sawa.

Juu ya vifundo hivyo kuna lalamiko linalorudiwa sana, kwamba "nimezungusha na hakuna kilichobadilika". Darubini nyingi husogeza shabaha robo inchi kwa kila kliki moja, ila hiyo ni kwa umbali wa yadi 100. Kwa yadi 20 kliki hiyohiyo ni kama milimita 1.3. Mtu ambaye mishale yake inatua sentimita 5 kushoto anahitaji karibu kliki 40 ili airudishe katikati, naye amezungusha nne, akapiga, akaona ni vilevile, akaitangaza darubini kuwa mbovu.

Jaribio ninalolipenda halihitaji mshale hata mmoja. Kaka aufunge upinde, usiovutwa, kwenye jiriwa iliyowekewa kitambaa, autazamishe alama ndogo iliyobandikwa ukutani, na alete mstari wa juu juu ya alama hiyo. Azungushe kliki 40 kwenda juu, 40 kulia, 40 chini, 40 kushoto. Kwenye darubini ya kuaminika mstari utakuwa umechora mraba hewani na kurudi palepale juu ya alama. Ukirudi pembeni, hata kwa upana wa ukucha, airudishe dukani siku ileile. Tena ajaribu kabla na baada ya kupiga mishale kadhaa, kwa maana darubini mbovu nyingi hufaulu mara ya kwanza. Jambo moja asilifanye abadani: asifyatue upinde uliovutwa bila ya mshale kwa ajili ya kujaribu mtikisiko, kwani nguvu ile ikikosa mshale wa kuusukuma huyarudia mabawa na upote, na vipande vyake huruka usoni mwa mtu.

Mwisho wa mishale ya mazoezi asisahau kurudia shabaha kwa vigumba vyenye makali atakavyowindia, kwa kuwa vigumba vipana hushikwa na upepo kwa namna yake na vinaweza kutua mahali pengine. Kila mshale apige doa lake. Mishale miwili ikielekezwa doa moja, wa pili humpasua wa kwanza, na mishale hiyo ni ghali. Kama kaka ana mpango wa kuhamia jimbo jingine, asome kanuni za huko kabla, kwa sababu Oregon kwa mfano imejulikana kwa kukataza kuwinda kwa krosibo, na baadhi ya majimbo yana masharti yao kuhusu vifaa vya umeme vinavyofungwa juu ya upinde, zikiwemo darubini zinazopima umbali zenyewe.

SWALI: Bwana Mhariri, mimi ni mkulima wa muhogo kusini mwa Unguja na nguruwe wananimaliza. Binamu yangu aliyeko ng'ambo amesema atakuja na krosibo likizo ijayo, na ami yangu ana darubini ya zamani ya bunduki inayokuza mara 3 hadi 9. Je, itafaa kufungwa juu ya upinde huo? (Mkulima, Muyuni)

JIBU: Ndugu yangu, anza na sheria kabla ya darubini. Mwambie binamu asipakie chochote kwenye sanduku mpaka wewe uwe umekwenda Idara ya Misitu na Kituo cha Polisi, ukauliza kwa mdomo wako, na ukapewa jibu la maandishi kuhusu kuingiza silaha ya namna hiyo na kuitumia shambani. Wanyamapori wa Zanzibar wanasimamiwa chini ya Sheria ya Misitu Namba 10 ya mwaka 1996, na aliye karibu na msitu wa Jozani ana sababu zaidi ya kuuliza. Na usinitegemee mimi katika hili, kwani safu ya gazeti haitakutetea bandarini.

Kuhusu darubini ya ami, haitafaa, na sababu kuu nimekwisha kuieleza hapo juu, yaani pigo la kinyume. Ila ipo nyingine. Darubini nyingi za bunduki hurekebishwa kiwandani kwa umbali wa yadi 100, ambao ni mita 91. Ukilenga kitu cha mita 20 kwa darubini kama hiyo, sogeza jicho kidogo kushoto na kulia bila ya kuutikisa upinde na utaona mstari unahama juu ya shabaha, ijapokuwa upinde haukusogea. Kila utakapoweka shavu lako tofauti kidogo na jana, mshale nao utakwenda tofauti na jana. Darubini za krosibo hurekebishwa kwa umbali mfupi, yadi 50 au chini yake, na hapo uhamaji huo huwa mdogo sana.

Halafu fikiria mahali penyewe. Vichaka vya maweni huko kwenu vimefungamana kiasi kwamba mtu hamwoni mwenziwe aliye hatua chache, na mshale ukigusa kijiti tu hupotea njia. Darubini inayoanzia mara 3 ndani ya kichaka kile itakuonyesha majani. Nguruwe naye huja usiku, wakati ambapo darubini ya kawaida, iwe na kioo kizuri kiasi gani, haina mwanga wa kukusanya, na mtu anayefyatulia kitu kilichotikisa majani hajui kama ni nguruwe, mbwa wa jirani au jirani mwenyewe. Tena huenda akawa paa nunga, yule paa mdogo wa misituni, nao tunao wachache mno. Mbali na Unguja wamebaki sehemu chache tu za pwani ya Kenya. Wasasi wenu wa kijiji wenye mbwa, nyavu na mikuki wanaijua kazi hii kwa vizazi, nao hufuata taratibu zinazojulikana. Ningekwenda kwa kiongozi wao kabla sijaagiza kitu chochote kwa ndege.

SWALI: Mjomba aliporudi Canada aliniachia nimtunzie darubini ya krosibo yake. Nimeifungua kabatini baada ya masika na ndani ya kioo naona kitu kama nyuzi nyeupe zilizotawanyika. Nimefuta nje hazitoki. (Msomaji, Kikwajuni)

JIBU: Hiyo ni kuvu, imeota juu ya lenzi ya ndani, na kufuta nje hakutaifikia. Darubini iliyofungwa sawasawa hujazwa gesi kavu kiwandani, aghalabu naitrojeni, na maungio yake huzibwa kwa mipira ili hewa isiingie. Kuvu ikishaota ndani, kuna uwezekano mkubwa kuwa mpira mmoja umeshapitisha unyevu wetu wa masika. Usiifungue nyumbani kwa bisibisi, kwa sababu gesi iliyobaki itatoka na lenzi hazitarudi kwenye mstari wake. Mwandikie mjomba aulize kama dhamana yake bado inaishi. Kampuni kadhaa hutoa dhamana ya maisha na hubadilisha bila ya maswali mengi, na kadiri inavyokaa ndivyo kuvu inavyoila rangi nyembamba iliyopakwa kwenye kioo.

Zile zinazokuja baadaye usizitie kwenye mfuko wa ngozi wala kabati lililobana ukutani. Chukua kopo la plastiki lenye kifuniko kinachobana, weka ndani yake vile vipakiti vya chembechembe za kukausha vinavyokuja na viatu vipya, na uvibadilishe mara kwa mara, khasa masika na vuli. Ikiwa umeitoa nje karibu na bahari, ipanguse chumvi kwa kitambaa kilicholowa maji baridi kidogo na kukamuliwa, kisha kwa kikavu, kabla ya kuirudisha ndani ya kopo.